Motokaa Mbili za Mwaka 1957: Uzito, Upepo na Sura ya Samaki

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, wekeni karatasi na kalamu karibu, maana leo kuna hesabu kidogo katikati ya habari. Nanyi mnaosikiliza nyumbani peke yenu, msiwe na wasiwasi. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha tu.

Historia tunayoisoma mara nyingi ni ya wafalme, vita na safari. Ya leo ni ya upepo. Nataka kuwaeleza habari za mafundi wachache wa Uingereza, wasiokuwa na fedha nyingi, ambao baada ya Vita Kuu ya Pili walianza kuunda motokaa ndogo za mashindano, wakaziuza vipande vipande ili mnunuzi aziunge mwenyewe nyumbani kwake. Walitaka kasi, lakini hawakuwa na injini kubwa. Ikawabidi wafikiri: tupunguze uzito, au tupunguze upinzani wa hewa? Mwaka 1957 mtu mmoja alijibu swali hilo kwa njia mbili, akatoa motokaa mbili. Moja ilipita katika hewa kama samaki apitavyo majini, ikamtia hasara. Nyingine ilikuwa kama sanduku lenye magurudumu, nayo inaundwa hata leo. Kwa nini ikawa hivyo? Hilo ndilo swali letu.

Kwanza tukubaliane juu ya upepo wenyewe. Watu wa Mwanza hawahitaji kuambiwa kwamba hewa ina nguvu. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na mvuvi mwenye tanga hupanga kazi yake kwa kuufuata. Lakini hata siku ambayo hewa imetulia kabisa, upepo upo kwa mtu anayekwenda. Panda bodaboda asubuhi tulivu kutoka Nyegezi kwenda mjini. Majani ya miembe hayatikisiki, lakini shati lako linapeperuka. Upepo huo umeuleta wewe mwenyewe kwa kwenda kwako. Hewa ilikuwa imesimama mahali pake, nawe umeisukuma, nayo inakusukuma.

Sasa ile hesabu. Gari likiongeza kasi mara mbili, hewa hailipingi mara mbili. Hulipinga mara nne. Na injini je? Injini yapaswa kuushinda upinzani huo wa mara nne, tena kwa kasi ya mara mbili. Kwa hiyo yahitaji nguvu mara nane, kwa ajili ya hewa peke yake. Andikeni: kilomita 40 kwa saa, nguvu 1. Kilomita 80 kwa saa, nguvu 8. Kilomita 160 kwa saa, nguvu 64. Zitazameni tena namba hizo tatu, kwa sababu habari yote ya leo imesimama juu yake. Mtu akizielewa ataelewa pia kwa nini dereva wa lori anayekimbia ovyo katika barabara ya Shinyanga hununua dizeli nyingi kuliko mwenzake anayekwenda taratibu, hata kama wote wawili wamebeba pamba ya uzito mmoja.

Uzito ni adui wa namna nyingine. Huutesa mwendo gari linapoanza kuondoka, linapopanda mlima, linapopiga kona na linaposimama. Lakini gari likishashika mwendo katika barabara tambarare iliyonyoka, ukali wa uzito hupungua, na hewa hushika zamu.

Basi twende London. Colin Chapman alizaliwa mwaka 1928, akasomea uhandisi katika University College London. Mwaka 1948 alichukua motokaa kuukuu aina ya Austin Seven, akaivua bodi yake na kuiunda upya apendavyo. Mwaka 1952 alianzisha kampuni aliyoiita Lotus, na karakana yake ya kwanza ilikuwa banda la farasi nyuma ya baa ya baba yake huko Hornsey, upande wa kaskazini wa London. Katika miaka hiyo ya mwanzo mchana alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya alumini. Kazi ya motokaa ilifanywa jioni na usiku, pamoja na marafiki waliojitolea.

Motokaa yake ya kwanza kuuzwa kwa idadi ya kutajika iliitwa Mark VI. Mifupa yake ilikuwa mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, kama fremu ya baiskeli lakini yenye pembetatu nyingi zaidi, na juu ya mifupa hiyo likafunikwa bati la alumini. Zaidi ya 100 ziliundwa, na nyingi zilimfikia mnunuzi zikiwa vipande. Sababu ilikuwa kodi. Serikali ya Uingereza wakati ule ilitoza kodi kubwa kwa motokaa mpya iliyokamilika, lakini vipande vya kuunga mwenyewe havikutozwa. Wapenzi wa Lotus hupenda kusimulia kwamba sheria ilimkataza muuzaji kutoa maelezo ya kuunga motokaa, basi kampuni ikatoa maelezo ya kuifungua, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo! Wafanyabiashara wetu wa Makoroboi wangeuelewa ujanja huo mara moja.

Sisi wa kando ya ziwa vyombo vya vipande si vigeni kwetu. Meli ya Victoria, ambayo wengi wenu mmeipanda kwenda Bukoba, iliundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa kwa vipande na kuungwa tena Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Tofauti ni kwamba meli ile ilikuwa na kampuni na mafundi wengi nyuma yake. Motokaa ya Chapman iliungwa na karani au fundi mmoja, jioni baada ya kazi, kwa spana zake mwenyewe. Bila njia hiyo, mtu wa mshahara wa kawaida asingeweza kuingia katika mashindano ya motokaa, yaliyokuwa mchezo wa matajiri.

Mmoja wa wasaidizi wa Chapman aliitwa Mike Costin. Mike alikuwa na kaka yake, Frank Costin, aliyefanya kazi katika kampuni ya ndege ya de Havilland. Kazi ya Frank ilikuwa kuelewa jinsi hewa inavyopita juu ya mwili wa ndege na mabawa yake. Elimu hiyo huitwa aerodinamiki. Kwa motokaa ya Mark VIII ya mwaka 1954, Frank aliichora bodi kwa kanuni za ndege.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi hukosea jambo moja. Hudhani kwamba chombo cha kasi lazima kichongoke mbele kama mkuki, na nyuma haidhuru. Sivyo. Mkienda mwaloni Kirumba kununua samaki, mtazameni sangara kabla hajakatwa. Sehemu yake nene iko mbele, karibu na kichwa. Kisha mwili hupungua polepole, polepole, mpaka mkiani. Sato naye yuko hivyo. Kisha tazameni mtumbwi ambao nyuma yake imekatwa bapa ili ifungiwe mashine. Unapokwenda kwa kasi, maji ya nyuma huzungukazunguka na kuchafuka. Maji yale yanayozunguka yanauvuta mtumbwi urudi nyuma. Hewa hufanya vivyo hivyo nyuma ya gari. Gari lililokatwa bapa nyuma huburuta fungu la hewa iliyochafuka kila liendako, na injini hulipia mzigo huo ingawa hauonekani.

Ujuzi huu haukuanza na Frank Costin. Mwaka 1921 mhandisi wa ndege aliyeitwa Edmund Rumpler alionyesha mjini Berlin motokaa yenye umbo la tone la maji. Wataalamu wana kipimo cha sura ya kitu katika hewa: ubao bapa unaoutazama upepo hupata kidogo zaidi ya 1, na kadiri kitu kinavyoteleza katika hewa ndivyo namba inavyopungua. Motokaa ya Rumpler ilipopimwa mwaka 1979 ilipata 0.28, namba ambayo viwanda vikubwa vya wakati huo vingeionea wivu. Lakini mwaka 1921 watu waliiona mbaya wa sura, hawakuinunua. Baadhi zikawa teksi za Berlin, na nyingine ziliteketezwa kwa moto katika kutengeneza filamu.

Turudi kwa Costin. Mwaka 1956 ilitoka Lotus Eleven, yenye uzito wa takriban kilo 450 na injini ya Coventry Climax ya sentimita za ujazo 1,100. Injini hiyo ilitokana na mashine iliyobuniwa kwa pampu ya kuzimia moto. Ilikuwa nyepesi ili watu waweze kuibeba, na wepesi huo ndio uliowavutia waunda motokaa. Mwaka huohuo Stirling Moss aliendesha Eleven iliyofunikwa juu ya dereva kwa kifuniko cha mviringo kama cha ndege, katika uwanja wa Monza, Italia, akamaliza mzunguko mmoja kwa kasi ya kilomita 230 kwa saa. Kwa pampu ya moto! Hapa ile hesabu yetu yarudi. Kama gari lafika kilomita 160 kwa saa, na wataka lifike 230 bila kubadili sura yake, upande wa hewa peke yake utahitaji injini yenye nguvu karibu mara tatu. Costin hakuongeza injini mara tatu. Alibadili bati.

Sasa tumefika mwaka 1957, mwaka wa zile motokaa mbili.

Ya kwanza ni Elite. Sura yake ilianzishwa na Peter Kirwan-Taylor, ambaye kazi yake ilikuwa uhasibu, kisha Frank Costin akairekebisha ili hewa ipite vizuri zaidi. Mwili wake wote, sakafu kwa paa, ulikuwa wa faiba, kama zile boti za faiba mnazoziona ziwani siku hizi; haikuwa na fremu kamili ya chuma chini yake. Kipimo chake cha sura kilikuwa takriban 0.29. Kwa injini ndogo yenye nguvu za farasi 75 ilifika karibu kilomita 180 kwa saa, na katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, iliongoza daraja lake miaka kadhaa. Baadaye nayo iliuzwa kwa vipande. Ukiniuliza mimi, ni moja ya motokaa nzuri kuliko zote zilizopata kuundwa.

Ya pili ni Seven. Hiyo ilikuwa mdogo wake Mark VI: mabomba yaleyale, bati la alumini lililonyooka, kioo cha mbele kilichosimama wima kama dirisha, taa zimechomoza pembeni, na magurudumu yote ya mbele nje, yamefunikwa kwa madigadi tu. Haikuwa na paa la kweli wala milango ya kweli. Uzito wake ulikuwa mdogo mno, lakini kipimo chake cha sura kilikuwa kati ya 0.6 na 0.7, yaani mara mbili ya Elite na zaidi. Magurudumu ya nje ni balaa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, sehemu ya juu ya gurudumu yaenda mbele kwa kilomita 200 kwa saa, maana gurudumu lazunguka huku likisafiri. Hata Seven iliyofungwa injini ya Climax haikuweza kuikaribia kasi ya Eleven.

Mtu yeyote angesema Elite itashinda na Seven itasahauliwa. Mambo yakawa kinyume. Kuunda mwili wa Elite kulikuwa kazi ngumu na ya gharama; Lotus ilipata hasara kwa motokaa hizo, na baada ya kama 1,000 uundaji ukakoma. Seven iliendelea. Mwaka 1973 Lotus iliiuzia kampuni ya Caterham haki ya kuiunda, na Caterham yaiunda na kuiuza mpaka sasa, hata kwa vipande.

Je, tuseme basi kwamba Costin alijidanganya, na sura haina maana? La. Rudini kwenye namba zile: 1, 8, 64. Mwenye Seven alishindana katika viwanja vifupi vyenye kona nyingi. Anaongeza mwendo, anafunga breki, anapiga kona, anaongeza tena. Hapo uzito ndio mfalme, na hewa haipati nafasi ya kumwadhibu. Tena bati lililonyooka hupindwa kwa mkono na kila fundi, na likiharibika hupigwa nyundo likarudi. Sura ya Elite ilihitaji kalibu na kiwanda. Kwa hiyo kila motokaa ilikuwa sahihi kwa njia yake, na mwenye Seven alipolalamika kwamba motokaa yake haifiki mbali katika barabara iliyonyoka, alikuwa akiitaka ifanye kazi ambayo haikuumbwa kuifanya.

Hata hivyo wenye Seven hawakukaa kimya. Wengi waling'oa kioo cha mbele na kuweka kipande kidogo cha kuurusha upepo juu ya kichwa cha dereva. Wengine walifunika nafasi ya abiria, wakaziba sakafu kwa bati ili hewa ya chini isikwamekwame. Kila hatua iliongeza kidogo. Magurudumu yalibaki nje, na shida kubwa ikabaki nayo.

Kuna upande mwingine wa habari hii, nao ni wa hatari. Mmeona bati la nyumba likiezuliwa na upepo. Mara nyingi hatusemi vizuri tunaposema upepo umelisukuma. Hewa ipitapo kwa kasi juu ya paa hulifyonza kwenda juu, na ndivyo bawa la ndege linavyofanya kazi. Motokaa yenye mgongo wa mviringo hufyonzwa vivyo hivyo. Ikiwa ina uzito wa tani mbili haidhuru sana. Ikiwa ina kilo 450, magurudumu ya nyuma yaanza kushika barabara kwa shaka, na dereva huhisi kama anaendesha juu ya matope. Mafundi wa miaka ya 1950 waliushughulikia zaidi upinzani wa mbele kuliko nguvu hii ya kuinua. Mwaka 1961 dereva Richie Ginther, akiijaribu motokaa ya Ferrari, alishauri ubao mwembamba wa bati uwekwe juu ya ukingo wa nyuma. Ubao ule uliongeza upinzani kidogo, lakini uliituliza motokaa chini.

Baadaye waliweka mabawa kamili, yamegeuzwa juu chini ili yakandamize badala ya kuinua. Chapman naye aliyaweka juu ya motokaa zake za mashindano makubwa, yamesimama juu ya vijiti virefu vyembamba, kwa sababu alikuwa bado anaogopa uzito. Tarehe 4 Mei 1969, mjini Barcelona, mabawa ya motokaa zake mbili yalivunjika, moja baada ya nyingine, mahali palepale pa uwanja. Madereva Graham Hill na Jochen Rindt waligonga vizuizi vya pembeni. Rindt aliumia usoni. Majuma mawili baadaye, katika mashindano ya Monaco, mabawa marefu ya namna ile yalipigwa marufuku. Kijiti kile kilikuwa kimehesabiwa kwa uzito wake, hakikuhesabiwa vya kutosha kwa nguvu ya upepo.

Mwaweza kuniuliza: haya ya Ulaya yatuhusu nini? Yatuhusu, na si mbali. Ng'ambo ya ziwa letu, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha mwezi Novemba 2011 motokaa ndogo ya watu wawili, Kiira EV, inayokwenda kwa umeme wa betri. Betri ina tabia moja ngumu: kwa uzito uleule hubeba nishati kidogo sana kuliko petroli. Fundi hawezi kuongeza betri ovyo, kwani kila betri ni mzigo mpya. Yule mwenye petroli aliyekosea sura ya gari hulipa fedha zaidi kituoni, basi. Mwenye betri aliyekosea sura hubaki njiani. Kwa hiyo swali la mwaka 1957 limerudi, tena kwetu. Basi la umeme linalozunguka mjini, likisimama kila kituo, laweza kuwa na sura ya sanduku bila hasara kubwa. Lifanyiwe kazi upande wa uzito. Lakini basi linalotoka Mwanza kwenda Dodoma kwa kasi saa nyingi mfululizo, hilo laomba sura ya samaki.

Kabla hatujaachana, hii hapa kazi ya nyumbani. Chongeni vipande viwili vya mti laini, vyenye unene sawa. Kimoja kiwe kama sanduku. Kingine kiwe kama sangara, kinene mbele na chembamba nyuma. Bandikeni nyuzi fupi za sufu juu na nyuma ya kila kimoja. Wachunguzi wa hewa hutumia njia hiyohiyo juu ya motokaa na ndege. Alasiri upepo wa ziwani ukiamka, viinueni vikiutazama, kisha tazameni nyuzi za nyuma. Andikeni sentensi tano juu ya mliyoyaona, mwalimu azisome, na juma lijalo tutaanza na majibu yenu.